Maiti wa Mfadhili

Sehemu ya Nne

Wiki iliyopita niliwaacha nimelala chali juu ya kitanda cha kuoshea maiti, nimefunikwa shuka jeupe kutoka shingoni mpaka vidoleni, macho nimeyafumba. Mzima wa afya. Asubuhi ile nilikuwa nimekula mikate ya kumimina na maharage ya nazi, na maharage yenyewe yalikuwa bado yanazungumza tumboni.

Kwa aliyenikosa, naitwa Mize Kheir, katibu wa jumuiya ya wanawake waosha maiti hapa Kiponda. Hatulipwi wala hatulipishi. Watu wengi wa Mji Mkongwe wanaishi vyumba vya kupanga huko juu ghorofani, ngazi zake nyembamba mpaka mtu mnene azipande ubavu. Akifa mtu kule, hapana pa kumuoshea. Ndiyo maana tuna chumba chetu cha chini, chenye sakafu ya saruji, mfereji wa maji na kitanda hiki nilicholalia.

Chumba si chetu. Ni cha Salem, aliyeirithi nyumba kwa bibi yake, na Salem kapata watu wanaotaka kuigeuza nyumba nzima kuwa hoteli. Hapa tunapowakafini watu, wao wataweka mashine ya kahawa. Akatupa mpaka mwisho wa mwezi: tulete mkataba wa kodi ya maana, au tutoke. Tukagombana mlangoni, mtaa mzima unasikia, na mimi kwa huu mdomo wangu nikamwambia, "Salem, mimi humu sitoki labda nibebwe."

Akanijibu, "Basi utabebwa."

Kodi ya hoteli tungeitoa wapi, sisi wauza mikate ya ufuta? Tukaomba ruzuku kwa Mfuko wa Mikono ya Jamii.

Fomu yao ilitutoa jasho. Waliuliza: walengwa wa mradi wameshirikishwa vipi? Nikaandika, wameshirikishwa kwa kufa. Wakauliza: walengwa wangapi wamehitimu na sasa wanajitegemea? Nikaandika, wote, na hakuna aliyerudi. Wakauliza kama kuna mlengwa aliyewahi kulalamikia huduma. Nikaandika, mpaka leo hapana.

Amjad akayafuta majibu yangu yote. Amjad ni kijana anayeziandikia jumuiya za watu maandiko ya miradi. Anavaa koti la suti hata mwezi wa joto, na hasemi uongo wa bure, kila uongo wake anauwekea kichwa cha habari. Akaandika kuwa maiti wetu wanajengewa uwezo.

Mfuko ukajibu kuwa ofisa wao atakuja kuiona shughuli ikiendelea. Siku ilipofika, mtaa mzima hakufa mtu. Hata jirani yetu mmoja, aliyekuwa ameshawaaga wanawe, aliamka kitandani akaomba supu.

Hapo Amjad akatoa rai kuwa tufanye mafunzo. Jambo lenyewe si geni. Kila mwaka kabla ya Ramadhani tunawafundisha wasichana kuosha, mmoja wetu hulala na wenzake humuosha juu ya nguo zake. Nikalala mimi, maana Bi Mwanaasha, mwenyekiti wetu, ndiye muoshaji, na wengine wote walikuwa na udhuru. Mmoja ana mafua. Mmoja ana mimba. Mwengine alisema anaogopa mumewe asije akazoea.

Nikawaacha pale mgeni alipovua viatu, na Amjad, aliyesimama nje ya pazia kama inavyompasa mwanamme, akasema kwa sauti ya msiba, "Karibu, Bi Maha. Marehemu ndiyo kwanza ameletwa."

Marehemu. Hakusema mfano, hakusema mafunzo. Marehemu.

* * *

"Innalillahi," akasema mgeni.

Alikuwa na sauti laini, ya mtu aliyekwenda kusoma mbali akarudi na marashi ya ghali. Harufu ilinifikia hata kabla yeye hajanifikia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Bi Mwanaasha. "Pita, lakini tazama, hapo panateleza."

Lazima niwaambie kitu kuhusu Bi Mwanaasha. Hasemi uongo. Sijui kama ni ucha Mungu peke yake; nadhani na uvivu umo, maana uongo unataka utunzwe kama kuku wa mayai. Na Amjad hakumwambia lolote. Yeye alijua yuko kwenye mafunzo, na alijua mgeni naye anajua.

"Anaitwa nani?" akauliza Maha.

"Huyu? Mize. Katibu wetu."

Nikasikia karatasi zinapinduliwa.

"Katibu wenu? Si ndiye aliyenipigia simu juzi?"

"Ndiye. Huyu na simu kama kazaliwa nayo." Bi Mwanaasha akaenda zake kwenye mfereji kujaza ndoo, na maji yakaanza kupiga kelele ndani ya bati.

"Amefariki lini?" mgeni akaliuliza pazia.

"Ghafla, Bi Maha," pazia likajibu. "Asubuhi hii hii. Alikuwa anakutayarishieni nyaraka."

Mtaniuliza, we Mize, kwa nini hukuinuka palepale ukamvua Amjad koti lake? Niliwaza. Lakini nikiinuka, mgeni atatuandika waongo, ruzuku itakwenda kwa jumuiya nyengine ya kushona vikapu, na mwisho wa mwezi mashine ya kahawa itakuja kukaa hapa nilipolala. Nikijilaza, basi ni maji tu. Maji hayajaniua, nikasema moyoni. Niliona nina akili sana.

Dirisha letu linatazama uchochoroni, na ng'ambo ya uchochoro anakaa Shahida. Shahida alikuwa mke mwenzangu, sasa ni mke peke yake. Mwanamke yule akisikia mlango unalia mtaa wa tatu, anatoka kuuliza nani kaufungua.

"Amjad, nani kafa?" nikamsikia anauliza barazani.

Amjad hapo hakuwa na la kufanya. Mgeni alikuwa anasikia.

"Mize," akasema.

Kandambili za Shahida zilianza kukimbia kabla jina halijamalizika. Hakuuliza nimekufa na nini. Hakusema hata maskini. Alikimbia kama mtu aliyeambiwa kuna sukari ya bei ya serikali.

* * *

"Bismillahi," akasema Bi Mwanaasha, akanimwagia kopo la kwanza.

Nimeosha watu wengi maishani mwangu, na sikujua kuwa tunawamwagia maji baridi namna ile. Kama wapo wanaonisikia huko waliko, nawaomba radhi.

"Tunaanza kuliani," Bi Mwanaasha akamueleza mgeni, kwa ile sauti yake ya kufundishia. "Pole pole. Hukwaruzi, huvuti. Mize, geuka ubavu, mwanangu."

Na mimi, mjinga, nikageuka.

"Kageuka kwa wepesi," akasema Maha.

"Huyu mwepesi tangu hapo. Wazito ni wenye kinyongo."

"Na mnawazungumzisha?"

"Sasa nimguse mtu bila kumwambia? Hata ng'ombe humgusi hivihivi."

Nikasikia kalamu inaandika. Baadaye nilikuja kuambiwa kuwa aliandika: huduma inazingatia utu wa mlengwa. Miaka yote hii tunasema "geuka, mama," "nyoosha, dada," na kumbe tulikuwa na fedha mdomoni hatujui.

Kisha ikaja habari ya picha.

"Bi, naomba nipige picha moja tu ya mlengwa."

"Maiti hapigwi picha."

"Naelewa, Bi. Lakini mwongozo wetu unataka picha ya mlengwa baada ya kupata huduma. Uso uonekane. Ikiwezekana awe anatabasamu."

"Maiti anatabasamu?"

"Ndivyo ulivyoandikwa, Bi. Miradi yote ni hivyo hivyo. Wa visima wanatabasamu, wa vyandarua wanatabasamu."

"Basi mwanangu mngojee siku ya kufufuliwa," akasema Bi Mwanaasha. "Siku hiyo na wewe utakuwepo, mtapiga nyote pamoja. Ngoja nikachukue kafuri na pamba, viko chumba cha pili."

Nikamsikia anajikongoja, anapita mlango wa ndani. Nikabaki na Maha na marashi yake. Nilikuwa nafikiria namna ya kupumua bila kifua kujua, ndipo nikahisi mtu kaniinamia, mdomo uko sikioni kwangu.

"Bi Mize," akaninong'oneza. "Nshakuona unapumua tangu kopo la kwanza. Usinyanyuke."

Nikafumbua jicho moja. Mwanamke wa makamo, kilemba cha hariri, miwani imefunga mvuke.

"Unajua?"

"Maiti hasagi meno akimwagiwa maji."

"Sasa mbona huniumbui?"

Akatazama pazia, akarudi sikioni. "Mwaka mzima napeleka miradi ya watu, yote inarudi. Wakubwa wangu wanakaa nchi ya theluji. Wanasema, tumeona mikutano, tumeona maji ya chupa, tumeona mabango. Hatujaona mtu hata mmoja aliyetendewa jambo. Wewe ndiye mtu wa kwanza kutendewa jambo mbele ya macho yangu. Lala, dada yangu."

"Na ukinikuta Darajani kesho nanunua nyanya?"

"Mimi kesho sipo. Niko kwenye boti asubuhi."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Watu wa miradi hawafikirii mlengwa anakwenda wapi baada ya picha.

"Tabasamu kidogo tu," akasema, akatoa simu. "Kama mtu aliyepumzika."

Nikatambua kuwa chumba kile na baraza yake vilikuwa na mkweli mmoja tu, naye alikuwa amekwenda kuchukua kafuri.

Nikatabasamu. Nisiwadanganye, nilitabasamu. Nilikuwa nakifikiria chumba.

* * *

Juu yetu anakaa mama mmoja mwenye redio kubwa, nayo saa zote iko wazi. Muda wote wa kuoshwa maji yaliifunika, nikasikia taarabu vipande vipande tu. Baadaye taarabu ikakatwa, ukaja ule muziki wa taratibu ambao Mzanzibari yeyote akiusikia hushusha kijiko. Matangazo ya vifo.

"Bi Shahida wa Kiponda, mjini Unguja," ikasema redio, "anasikitika kutangaza kifo cha Bi Mize Kheir, kilichotokea leo asubuhi."

Anasikitika. Mwanamke aliyenikatia kamba ya kuanikia nguo.

"Habari ziwafikie Bwana Hafiz, aliyeko kazini Kizimbani, aliyekuwa mume wa marehemu."

Nikataka kucheka. Shahida hata kwenye kifo changu kahakikisha nchi nzima inajua kuwa niliachwa.

"Bwana Mcha Kheir wa Nungwi, kaka wa marehemu. Na Bi Radhiya wa Chwaka, mama wa marehemu. Pamoja na jamaa na marafiki wote popote walipo. Maiti atasaliwa leo baada ya sala ya laasiri."



Mama yangu hakosi matangazo hayo. Wengine husikiliza mpira, yeye husikiliza vifo. Ukifika wakati wake, hata mwiko hautii chunguni, anakaa na redio mapajani kama mtoto mchanga, kwa kila jina anasema Mungu amrehemu, awe anamjua hamjui. Na mama ana presha. Daktari alishamkataza chumvi na habari mbaya.

Nikakaa kitako. Shuka likaniangukia kiunoni, maji yakanichuruzika mgongoni.

"Nipe simu yangu. Hiyo hapo dirishani."

"Bi Mize, lala," akasema Maha. "Bado sijapiga ya pembeni."

"Mama yangu kasikia. Nipe simu."

Akanipa. Nikapiga namba ya mama. Ikaita, ikaita, ikapokelewa na wifi yangu Tahiya, mke wa Mcha, anayekaa na mama Chwaka kumtunza. Alikuwa analia.

"Tahiya, mpe mama simu. Mwambie ni Mize."

Kilio kikakatika. "Nani?"

"Mize."

"Mize kafa."

"Mimi ndiye Mize, Tahiya. Sijafa. Mpe mama."

Simu ikaanguka chini, nikamsikia Tahiya anasoma Ayatul Kursiy. Nikakata, nikapiga tena. Safari hii alikuwa kajipa moyo.

"Shetani mkubwa wewe. Mtoto wa watu hata kaburini hajaingia, ushaiba simu yake. Na mama wa watu keshaondoka tangu tangazo la kwanza, kapakiwa kwenye gari ya samaki, hata viatu hakuvaa, simu kaiacha hapa. Mungu akulaani."

Akanifungia simu. Nikapiga, hapatikani.

Hata viatu hakuvaa. Nilikaa na simu mkononi, na kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia baridi ya kweli.

* * *

Bi Mwanaasha akarudi na kafuri na pamba. Akanikuta nimekaa, mgeni kasimama na simu yake, na juu yetu redio imesharudi kwenye taarabu.

"Kwani tushamaliza?" akauliza.

"Bi, wametangaza redioni kuwa nimekufa."

"Nani katangaza?"

"Shahida. Amjad kamwambia. Na mgeni kaambiwa hivyo tangu alipoingia."

Bi Mwanaasha akamtazama Maha. Maha akatazama miguu yake.

"Kwani huyu hajui kama ni mafunzo?"

"Alikuwa hajui," nikasema. "Sasa anajua, ila anataka niendelee."

Bi Mwanaasha akaiweka kafuri chini pole pole. Akajipangusa mikono kwa kanga yake, ncha hii kisha ncha ile.

"Amjad, mwanangu. Sogea karibu na pazia."

"Naam, Bi."

"Umenisikia vizuri hapo?"

"Naam."

"Siku utakapokufa wewe, usiletwe hapa."

Nikamsikia Amjad anafungua vifungo. Nadhani lile koti lilimbana.

Nikashuka kitandani. Nikajifunga kanga juu ya nguo zangu mbichi, nikasema natoka barazani, watu wanione, na atakayemuona mama njiani amwambie kabla hajafika. Ruzuku ikafie huko. Maha akasema nisubiri kidogo. Nikamwambia kidogo yake imeshamfikisha mama yangu kwenye gari ya samaki.

Nikalikaribia pazia. Hapo ndipo nikasikia miguu.

Si ya mtu mmoja. Uchochoro wote ulikuwa umejaa miguu. Watu wa Kiponda kuwaita kwenye mkutano wa mradi mpaka uwaahidi nauli na soda. Kwenye maziko hawangoji kuitwa. Nikasikia jeneza linatuliwa barazani, mbao juu ya jiwe. Nikasikia Sheikh Kurwa, imamu wetu, anauliza kama wanawake wamemaliza.

"Bado kidogo, Sheikh," akasema Amjad, na sauti sasa ilikuwa ya msiba kweli.

Kisha nikasikia kilio cha mwanamme. Hafiz. Kizimbani mpaka mjini si mbali, lakini miaka yote niliyokuwa mkewe hakuwahi kuja mbio namna ile.

"Alikuwa mwanamke mwema," analia. "Sijapata kuona. Nilimuacha moyo unakataa."

Aliniacha kwa ujumbe wa simu. Na ujumbe wenyewe alianza kuutuma kwa fundi wake wa pikipiki kwa makosa, fundi ndiye aliyeniletea.

"Pole, Bwana Hafiz," watu wanamwambia. "Subira."

"Mchuzi wake wa pweza," anasema Hafiz. "Wallahi."

Nikamsikia na Shahida anakohoa.

Nikalishika pazia. Nilitaka kutoka kwa Hafiz hasa, nimuulize habari za huo mchuzi. Lakini sauti nyengine ikaanza kusema, ya chini, nikasimama.

"Jamani, naomba mnisikilize."

Ilikuwa sauti ya Salem.

"Mlikuwepo wengine," akasema, "siku niliyogombana na marehemu hapa hapa mlangoni. Aliniambia, mimi humu sitoki labda nibebwe. Nikamjibu, basi utabebwa." Akakohoa. "Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Na leo anabebwa."

Uchochoro ukatulia mpaka nikasikia mfereji unadondoka nyuma yangu.

"Bibi yangu alipokufa, sisi wajukuu zake wote tulikuwa ng'ambo. Tulituma salamu. Aliyemuosha ni Mize. Nilipokuja, nilikuja kuuliza hati za nyumba. Hata asante sikumwambia." Nikamsikia anapenga kamasi. "Sheikh Kurwa, shuhudia. Nyote mshuhudie. Chumba hiki sikiuzi, wala wanangu hawatakiuza. Nakitoa wakfu leo, kitumike kuoshea maiti wa mtaa huu, na thawabu zake zimfikie marehemu Mize."

"Amin," wakaitikia watu. Wanaume wakubwa, wanalia.

"Mungu aikubali," akasema Sheikh Kurwa. "Tumeshuhudia."

Nyuma ya pazia tulikuwa wanawake watatu, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Chumba tumekipata. Kwa fomu yote ile, walengwa na uwezo wao, hatukukipata. Kimekuja kwa mdomo wa mtu ambaye juzi alikuwa anapima mahali pa kuweka mashine ya kahawa. Kilichotakiwa ni kitu kimoja tu, nacho ni mimi nisiwepo.

Na wakfu uliotolewa kwa ajili ya marehemu ambaye hajafa una hukumu gani? Sijui. Ningemuuliza Sheikh Kurwa, lakini Sheikh Kurwa alikuwa nje ananingoja anisalie.

Salem ninamjua. Anatoa machozi jioni na anataka risiti asubuhi. Nikitokeza kichwa, kabla sijamaliza kusema assalamu alaykum atakuwa ameshapangusa machozi, na aibu itamgeukia kuwa hasira, na chumba kitarudi hotelini pamoja na kitanda chetu cha maiti.

"Basi ruzuku haihitajiki tena," akanong'ona Maha, na nawaambia, alikuwa kama mtu aliyeibiwa. Akaanza kufunga mkoba wake. "Nitaandika kuwa jamii imejitegemea."

"Andika unavyotaka," nikamwambia.

"Ile picha ninaweza kuitumia?"

 Bi Mwanaasha alikuwa kaegemea ukuta, ananitazama. Nilingoja aniambie toka, Mize, sema kweli. Ni yeye huyo, aliyewahi kumrudisha mteja wa mkate wangu kwa kumwambia kuwa ni wa jana. Nilingoja, na hakusema kitu. Aliutazama mfereji. Akaitazama ile saruji tuliyoikoroga wenyewe kwa mikono. Akainama, akaokota pamba.

Nje watu wakaanza kusukumana.

"Mpisheni. Mpisheni mama."

Nikasikia nyayo tupu juu ya mawe ya uchochoro. Sihitaji kuambiwa nyayo za mama yangu. Hazikukimbia. Zilikuja moja moja, kama mtu anayevuka maji asiyojua kina chake.

"Mama, ngoja kwanza," akasema Amjad. "Wanawake hawajamaliza."

"Nimemuosha mimi wa kwanza," akasema mama. "Na wa mwisho nitamuosha mimi. Nipishe."

Nilikuwa nimelishika pazia upande huu. Nikaziona ncha za vidole vyake zinalishika upande ule, na mchanga wa Chwaka bado uko ndani ya kucha.

"Mwanangu," akaninong'oneza Bi Mwanaasha, huyo asiyesema uongo, na pamba alikuwa ameishika tayari mkononi, "unalala, au unatoka?"